Bawabu wa Faili: Je, Kasi ya Kompyuta Hununuliwa Dukani?

Imezoeleka miongoni mwetu kwamba kompyuta ikiwa nzito katika kazi, dawa yake ni moja tu: kununua nyingine iliyo mpya na yenye nguvu zaidi. Mwalimu mkuu huandika barua ya kuomba fedha, kamati ya shule hukutana, na mashine zilizopo huanza kudharauliwa hata kabla ya jibu kufika. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba imani hiyo, ingawa mara nyingine ni ya kweli, inatunyima nafasi ya kuuliza swali la kisayansi ambalo lingepaswa kutangulia: je, mashine hii inarudia kazi gani ambayo ilikwisha kuifanya?

Nitalitetea swali hilo kwa mfano mmoja tu, nao ni wa programu za kutunza matoleo, na jinsi zilivyoharakishwa kwa msaada wa programu nyingine ndogo inayokesha nyuma yake. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, takwimu zake zinajulikana. Pili, unaonyesha wazi kwamba kasi ya namna hii ina masharti, na kwamba mwenye kuyapuuza masharti hayo hupata majibu ya haraka yasiyo ya kweli.

Kazi ya kutunza matoleo

Mtu yeyote aliyewahi kuandika ripoti ndefu anaifahamu shida hii. Huhifadhi nakala moja akaiita "ya mwisho", kesho yake akahifadhi nyingine akaiita "ya mwisho kabisa", na baada ya mwezi hajui tena ni ipi iliyo sahihi. Waandishi wa programu za kompyuta wana shida hiyo hiyo, ila kwao ni kubwa zaidi, kwa maana wanafanya kazi mamia kwa maelfu juu ya maandishi yale yale. Ndiyo maana wakabuni programu za kutunza matoleo. Programu ya aina hii huweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani kalifanya, lini, na kwa sababu gani, nayo huweza kurudisha hali ya zamani pale inapohitajika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Programu hizi ndizo daftari la mali ya mwandishi wa programu.

Iliyo mashuhuri zaidi leo ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kutunza maandishi ya kiini cha mfumo wa uendeshaji uitwao Linux. Mwezi huo huo ilizaliwa nyingine iitwayo Mercurial, kwa ajili ya haja hiyo hiyo.

Mtumiaji wa programu hizi huuliza swali moja mara nyingi kwa siku: "Ni faili zipi zilizobadilika tangu nilipohifadhi toleo la mwisho?" Katika Git, swali hilo huulizwa kwa amri ya git status. Laonekana kuwa swali jepesi. Lakini ugumu wote ninaotaka kuueleza umejificha ndani yake.

Kuita majina au kulinda lango

Tuchukue mfano wa shule. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni yenye wanafunzi 1,000 anataka kujua ni nani ametoka nje ya uwanja wa shule. Njia ya kwanza ni kugonga kengele, kuwakusanya wote, na kuita majina, moja baada ya jingine. Jibu litakuwa sahihi, lakini litachukua muda mrefu. Na muda huo utakuwa ule ule, ikiwa ametoka mwanafunzi mmoja au wametoka hamsini. Akiuliza tena baada ya dakika kumi, hana budi kuita majina yote 1,000 upya.

Njia ya pili ni kumweka bawabu langoni na kumpa daftari. Kila anayetoka huandikwa. Mwalimu mkuu akiuliza, bawabu hufungua daftari na kusoma majina matatu au manne yaliyomo. Kazi ya kutoa jibu sasa haitegemei idadi ya wanafunzi wa shule. Inategemea idadi ya waliotoka.

Mwanafunzi wa hisabati anaweza kuliandika jambo hili kwa ufupi. Tuseme n ni idadi ya faili zote, na k ni idadi ya zile zilizobadilika. Njia ya kwanza huchukua muda unaokua sawia na n. Njia ya pili huchukua muda unaokua sawia na k, pamoja na gharama ndogo ya kumwuliza bawabu. Aghalabu k ni ndogo mno ikilinganishwa na n. Mtu mmoja hawezi kuhariri faili elfu moja kwa asubuhi moja, hata kama mradi wake una faili milioni moja.

Kwa asili yake Git hutumia njia ya kwanza, ingawa hufanya hivyo kwa werevu. Haisomi maandishi yote yaliyomo katika kila faili. Inayo orodha yake ambamo imeandika ukubwa wa kila faili na saa ya badiliko lake la mwisho, kisha huuliza mfumo wa uendeshaji kama habari hizo bado ni zile zile. Hata hivyo, lazima iulize kuhusu kila faili. Tukichukulia kwamba swali moja linatumia mikrosekunde 10, mradi wa faili 44,000 utatumia sekunde 0.44, na hilo linavumilika. Lakini mradi wa faili 3,500,000 utatumia sekunde 35 kwa kila swali, nayo ni kazi ambayo karibu yote ni ya bure.

Nambari hizo mbili za faili sikuzitunga. Ile ya kwanza ndiyo idadi ya faili za kiini cha Linux katika mwaka 2013. Ya pili ndiyo idadi ya faili za mfumo wa Windows pale kampuni ya Microsoft ilipouhamishia katika Git mnamo mwaka 2017. Mradi huo ulikuwa na ukubwa wa gigabaiti 300 hivi na wahandisi wapatao 4,000. Kwa mujibu wa taarifa ya kampuni hiyo ya mwaka huo, amri ya git status peke yake ilichukua dakika 10. Msomaji na afikirie mhandisi anayeuliza swali hilo mara kumi kwa siku.

Bawabu wa Maxwell

Programu inayokesha nyuma ya nyingine, bila kuonekana kwenye kioo cha kompyuta na bila kungoja kuitwa, ina jina lenye historia ya kupendeza. Wataalamu huiita dimoni. Kikundi cha Fernando Corbató katika chuo cha MIT, Marekani, kilianza kutumia jina hilo katika mwaka 1963, kwa kulichukua kutoka katika fizikia. Mnamo mwaka 1867 James Clerk Maxwell alikuwa amebuni kiumbe wa kufikirika, akamweka kwenye mlango mdogo kati ya vyumba viwili vya gesi. Kazi ya kiumbe huyo ilikuwa kufungua na kufunga mlango, ili molekuli zenye mwendo wa kasi zikusanyike upande mmoja na zile za polepole upande wa pili. Kwa ufasaha wa Kiswahili, kiumbe huyo ni bawabu, na hivyo ndivyo nitakavyomwita.

Bawabu wa Maxwell aliwasumbua wanafizikia kwa muda mrefu, kwa maana alionekana kuleta tofauti ya joto bila gharama yoyote. Jibu lilipatikana polepole. Rolf Landauer alionyesha mwaka 1961 kwamba kufuta habari kunadai nishati, na Charles Bennett akalitumia wazo hilo mwaka 1982 kueleza kwamba bawabu hulipa gharama yake pale anapolazimika kufuta kumbukumbu zake. Fundisho lililomo linatuhusu hapa moja kwa moja: ujuzi haupatikani bure. Bawabu wa faili naye anakula kumbukumbu ya mashine, anatumia umeme kiasi, na anahitaji kutunzwa. Anayesema kwamba kasi hii ni ya bure hajaifanya hesabu yote.

Jinsi bawabu wa faili anavyofanya kazi

Bawabu wa faili hazunguki kukagua. Kama angezunguka, angekuwa anaita majina tu kwa njia nyingine. Yeye hukaa kimya, na mfumo wa uendeshaji ndio unaomletea habari. Linux ilipata mwaka 2005 njia ya kutoa habari hizo, iitwayo inotify. Kompyuta za Apple zina njia yao iitwayo FSEvents, na Windows pia ina yake. Faili inapoandikwa, kufutwa au kubadilishwa jina, kiini cha mfumo hupeleka taarifa kwa bawabu, naye huiandika katika daftari lake pamoja na namba ya mfuatano. Git au Mercurial ikija baadaye, husema: "Mara ya mwisho tulipozungumza ilikuwa namba fulani; nini kimetokea tangu hapo?" Bawabu hujibu kwa orodha fupi.

Kampuni ya Facebook ilitangaza bawabu wake, Watchman, katika mwaka 2013. Mwezi Januari 2014 ilieleza kwamba Mercurial, ikisaidiwa na bawabu huyo, ilijibu swali la hali ya faili kwa kasi iliyozidi ile ya Git zaidi ya mara tano katika hazina yake. Microsoft nayo ilitengeneza programu iliyokaa macho wakati wote, ikijua ni faili zipi mhandisi amezigusa na zipi hajawahi kuzifungua. Swali lililochukua dakika 10 likajibiwa kwa sekunde 4 au 5. Hatimaye, katika mwezi Juni 2022, Git toleo la 2.37 ilipewa bawabu wake wa ndani kwa watumiaji wa Windows na wa kompyuta za Apple. Kitu kilichobuniwa kwa mahitaji ya makampuni makubwa sasa kinapatikana bila malipo katika kompyuta ya mwanafunzi.

Wapo mabawabu wa namna nyingine pia. Mercurial iliandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya Python, na kila amri yake, hata iwe fupi vipi, hulazimika kwanza kuiamsha lugha hiyo na kupakia sehemu zake nyingi. Ni kama karani anayefungua ofisi, kuwasha taa na kupanga meza kila anapokuja mteja, kisha akafunga kila kitu mteja anapoondoka. Tangu mwaka 2011 Mercurial ina uwezo wa kumwacha karani akae mezani na kupokea amri moja baada ya nyingine. Hapa kinachookolewa ni gharama ya kuanza, wala si gharama ya kukagua. Dawa ni mbili kwa sababu maradhi ni mawili, na asiyepima hawezi kujua anaumwa lipi.

Uaminifu wa bawabu

Sasa nafikia jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Njia ya kuita majina ni ya polepole, lakini haisahau. Bawabu ana kasi, lakini anaweza kusinzia. Mwandishi wa programu akiambiwa "hakuna kilichobadilika" ilhali kipo, atahifadhi toleo pungufu, atafuta nakala aliyodhani haihitajiki, na kazi ya siku nzima itapotea. Kwa hiyo ubora wa bawabu haupimwi kwa kasi yake tu. Hupimwa kwa tabia yake pale asipojua.

Yafaa tuitazame mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni msongamano. Taarifa zikija nyingi kuliko bawabu anavyoweza kuzipokea, foleni hujaa na nyingine hutupwa. Katika Linux, foleni ya inotify kwa kawaida hubeba taarifa 16,384. Ikifurika, kiini hutuma taarifa maalumu ya kusema kwamba imefurika. Bawabu mwaminifu akiipata taarifa hiyo habuni jibu kamwe. Husema: "Sina hakika, iteni majina yote." Vivyo hivyo akiwa ameanzishwa upya, na hajui kilichotokea wakati hayupo. Bawabu wa Git hufanya hivyo hasa: akiulizwa habari za tangu namba asiyoitambua, hujibu kwamba kila faili yashukiwa, na Git hurudi kwenye ukaguzi wake wa zamani.

Mtego wa pili ni ucheleweshaji. Yamkini faili imebadilika nusu sekunde iliyopita, na taarifa yake bado iko njiani. Dawa iliyobuniwa ni ya werevu mno. Kabla ya kujibu, bawabu mwenyewe huunda faili ndogo ya muda, kisha hungoja taarifa ya faili hiyo imfikie. Ni kama mwalimu mkuu kumtuma kiranja apite langoni, na kungoja jina la kiranja lionekane katika daftari. Kwa kuwa majina huandikwa kwa mfuatano, jina la kiranja likionekana, basi wote waliotoka kabla yake wamekwisha kuandikwa. Hakuna haja ya kubahatisha muda wa kungoja. Watchman hutumia njia hii, na bawabu wa Git pia.

Mtego wa tatu ni ua uliobomoka. Faili zinapokaa katika kompyuta nyingine na kufikiwa kwa njia ya mtandao, badiliko linaweza kufanywa kule bila kiini cha mashine yetu kuarifiwa. Wanafunzi wanapita nyuma ya mabweni, wala bawabu hana kosa. Hapo busara ni kutomtumia kabisa.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni kujisumbua. Kwamba mradi mkubwa ugawanywe vipande vidogo, na tatizo litakwisha. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa miradi mingi ndiyo njia bora. Lakini kugawanya kuna gharama yake: badiliko moja linalogusa vipande vitano huwa mabadiliko matano yanayopaswa kuoanishwa. Wengine husema kwamba mashine mpya zina kasi ya kutosha. Kasi yao hupunguza muda wa kila swali, lakini haibadilishi ukweli kwamba maswali ni n. Ukinunua mashine yenye kasi maradufu, na mradi ukakua maradufu, umerudi pale pale, huku fedha zimekwisha kwenda.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoikubali zaidi: kwamba kwa mradi mdogo bawabu hana maana. Ni kweli. Shule yenye wanafunzi ishirini haihitaji bawabu mwenye daftari. Mwalimu anatupa jicho tu darasani na kujua. Mwanafunzi mwenye faili 200 atapoteza kumbukumbu ya mashine yake kwa faida asiyoweza hata kuihisi. Ndiyo sababu nasisitiza kupima kabla ya kutibu.

Pendekezo kwa walimu

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba somo la kompyuta katika shule zetu za sekondari lisiishie katika kubofya na kupiga chapa. Jaribio lifuatalo halihitaji mashine mpya. Wanafunzi watengeneze hazina nne za Git zenye faili 100, 1,000, 10,000 na 100,000, kila faili ikiwa na neno moja tu, wazihifadhi kama toleo la kwanza, kisha wapime muda wa git status katika kila hazina. Wachore grafu ya muda dhidi ya idadi ya faili. Baadaye, katika kompyuta ya Windows yenye Git 2.37 au toleo la baadaye, wamwite bawabu kwa amri ya git config core.fsmonitor true, na wapime tena.

Wataona mambo matatu yenye thamani kubwa kuliko kasi yenyewe. Kipimo cha kwanza kabisa aghalabu hutofautiana na vinavyofuata, kwa sababu mfumo wa uendeshaji nao hukumbuka ulichosoma punde. Nao watajifunza kwa nini mwanasayansi hurudia vipimo. Katika hazina ndogo, bawabu hatawasaidia kitu, na pengine atawachelewesha. Na hata katika hazina kubwa, muda hautashuka hadi sufuri, kwa sababu Git bado inasoma orodha yake ndefu ya faili. Mwanafunzi anayeweza kueleza sababu za mambo hayo matatu ameanza kufikiri kama mhandisi.

Simaanishi kwamba maabara zetu hazihitaji vifaa. Zinavihitaji, tena sana. Lakini barua ya kuomba vifaa itakuwa na uzito zaidi ikiandikwa na shule iliyokwisha kupima, inayojua ni kazi gani mashine zake zinarudia bure, na ni kazi gani kwa hakika zimezishinda. Nao vijana wetu, watakapoajiriwa kuandika programu za hospitali, za benki au za mitihani, watakuwa wamejifunza mapema kwamba kukumbuka ni bora kuliko kurudia, mradi yule anayekumbuka awe na ujasiri wa kusema "sijui" pale asipojua.